Jiwe Kwanza, Ugali Baadaye

"Shangazi, mbona huwaulizi wamefuata nini?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tano, mchana mmoja wa likizo ya Juni, wageni wawili kutoka Mwanza wakiwa wamekaa kwenye mkeka wake wanamalizia bakuli la pili la uji wa ulezi. Mmoja alikuwa na kamera kubwa shingoni. Mwingine alivaa viatu vya kupandia milima. Hata mtoto mchanga angejua kwamba watu wale hawakuamka alfajiri kwa ajili ya uji.

Shangazi Mbuke aliniangalia kama mtu aliyeingia chumbani kwake na matope.

"Kwenu Shinyanga mgeni anahojiwa kama mwizi? Kalete matobolwa."

Nikaleta matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa mpaka vinakuwa vigumu kama kamba ya kiatu. Wageni wakatafuna. Wakatafuna weee, jua likahama kutoka mlangoni hadi kwenye zizi. Walipotaka kuaga, kuku alikuwa ameshachinjwa, na huwezi kumwacha kuku wa watu kwenye sufuria ukaondoka. Ziwa lilikuwa nyuma ya nyumba. Jamani, nyuma ya nyumba! Walisikia mawimbi, harufu ya dagaa waliinusa, lakini walichoona ni kipande cha maji chenye upana wa mlango, katikati ya migomba. Wakaondoka wanashukuru sana, kamera haijafunguliwa.

Shangazi yangu alikuwa amejitangaza kuwa mwongoza watalii.

Yeye ni dada yake baba. Alizaliwa upande wa Kharumwa, kwenye mashamba na machimbo madogo madogo, na kwa miaka mingi alipika pembeni ya karasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Nilipelekwa kumsalimia huko mara moja nikiwa mdogo. Ninachokumbuka ni kelele, na vumbi jeupe kwenye ugali, na wachimbaji wakitoka kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, wanapiga kelele bila kumtazama usoni: "Mama, ongeza mchuzi! Mama, ugali huu umeupimia paka?" Hakuna aliyejua kwamba anaitwa Mbuke. Walimwita Mama Ugali. Mwanawe, Nkwabi, aliwahi kupotea pale sokoni, na watu wakatangaza kwamba mtoto wa Ugali amepatikana.

Mumewe, marehemu Deusdedit, alikuwa Mzinza wa Nyabugera, kijiji cha ziwani ukishaipita Buseresere na kuacha barabara ya Biharamulo. Alipofariki, aliwaachia kiwanja ambacho ndugu zake wote walikikataa kwa sababu nusu yake ni mawe. Mawe makubwa hasa, yamepandiana mpaka majini. Juu kabisa kuna jiwe bapa lililokaa juu ya mawe madogo, na ukiligonga linalia kama rimu ya gari inayogongwa shuleni saa ya mapumziko. Zaidi ya hapo kuna furukombe, wale tai wa ziwani, wanaopiga kelele asubuhi, fisi maji wanaocheza kwenye mafunjo, na viboko, ambao huwaoni ila unawasikia wanakoroma kama wajomba.

Shangazi alisikia redioni kwamba wageni wanapita barabara ile kwenda kisiwa cha Rubondo kutazama wanyama na ndege. Akaweka mwiko chini. Aliuweka kweli, mbele ya wateja, mchuzi bado uko motoni. Akamwambia dada yake, "Shika. Mimi nakwenda kuwa mtu wa kuonyesha vitu." Akahamia Nyabugera, akachukua mfuniko wa pipa, akaandika kwa rangi nyekundu KIVUTIO KIPO HUKU, akachora mshale, akautundika barabarani.

Kivutio gani? Mfuniko haukusema. Waendesha bodaboda wa pale njia panda walifurahi sana.

"Mama Nkwabi, kivutio chenyewe ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi. Utapiga picha au unakodoa tu?"

Watu wakaja. Hilo ndilo lililoniumiza kichwa: watu walikuja! Walimu wa sekondari kutoka Kahama, watu wa kwaya, Mzungu mmoja mwenye baiskeli. Na kila aliyekuja aliishia kwenye mkeka. Nyumbani kwetu Usukumani mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Hiyo naijua, nimekulia humo. Lakini bibi yangu akishamlisha mgeni, humuuliza. Shangazi hakuuliza kamwe. Alilisha, akalisha tena, halafu akasindikiza.

Na Nyabugera yote ikaambukizwa. Jirani yake, mama mmoja anaitwa Martina, akawa hakubali mgeni apite kwenye uwanja wake kwenda ziwani bila kunywa maziwa mgando. "Watasema Martina ana roho mbaya," alisema. Nani atasema? Mtu wa baiskeli anarudi kwao Ulaya, atamsema Martina kwa nani?

Aliyeteseka kuliko wote ni Theonest, shemeji yake shangazi, mvuvi, ambaye shangazi alimshawishi awe anazungusha wageni kwa mtumbwi. Alikuwa anaosha mtumbwi, anatandika matandiko, anavaa shati lake la Jumapili, halafu anasubiri. Ziwa letu asubuhi limetulia kama chai kwenye kikombe. Likishafika adhuhuri upepo unaamka, na mwenye akili anarudi nchi kavu. Basi Theonest alikuwa anakuja mpaka kwenye migomba na kupayuka:

"Shemeji! Mtumbwi unakunywa maji huku, wageni wako wanakunywa uji huko! Nani atamsubiri nani?"

"Waache wale, Theonest!"

"Wasukuma na maji wapi na wapi! Nyie mngebaki na ng'ombe wenu!"

"Ng'ombe ana akili, akishiba anatulia. Wewe hujala, ndiyo maana unapiga kelele. Njoo ule!"

Na Theonest alikuwa anakuja. Anakula. Nilikuwa natamani kulia.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, nikiwa huko likizo, ikaja habari yenyewe. Kampuni moja ya Mwanza inayopeleka wageni visiwani ilikuwa inatafuta pa kusimama njiani. Walikuwa na sehemu mbili wanazozipima: kwa shangazi, na ufukwe mmoja mbele zaidi ambao nasikia una viti vya plastiki na mtu wa kupiga ngoma. Wangetuma watu wawili. Wakipapenda, magari yao yote yatapitia Nyabugera. Wasipopapenda, shangazi alikuwa ameshaamua, na alituambia sisi sote usiku ule tukiwa tunachambua maharage:

"Wakinikataa narudi Kharumwa. Dada amechoka kunishikia mwiko. Amesema mwisho mwezi huu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayezungumzia kurudi jela.

Theonest akasema, "Basi safari hii, shemeji, hakuna chakula kwanza."

"Hakuna."

"Jiwe, halafu mtumbwi, halafu chakula."

"Nimesikia."

"Apa."

"Naapa kwa marehemu kaka yako."

Martina naye akaapa, ingawa aliuliza kama kikombe kimoja tu cha maziwa kinahesabika kuwa chakula. Tukamwambia kinahesabika. Akanuna.

Wakafika asubuhi nzuri ambayo sijawahi kuona mfano wake. Ziwa halina hata kunyanzi. Furukombe wawili wamekaa juu ya mti mkavu kama wameajiriwa. Gari likasimama, akashuka kaka mmoja mrefu, Valerian, ameshika simu mbili, na dada mmoja mpole mwenye kofia, Aneth. Shangazi alikuwa amevaa kitenge kipya. Nilimwona anavuta pumzi.

"Mwangaluka," akawasalimu, maana akiogopa anasahau Kiswahili.

"Shikamoo, mama," Aneth akasema. "Tuna mpaka saa sita tu. Tumesikia mna jiwe linalolia?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Mlango uko wazi kabisa! Mtu ametaja jiwe mwenyewe! Shangazi akafungua mdomo. Akaangalia njia ya kwenda kwenye mawe. Akawaangalia wale watu. Nikaona macho yake yanahangaika kama ya mtu aliyeitwa ubaoni bila kufanya zoezi.

"Lipo," akasema. "Haliendi popote. Karibuni mnawe mikono."

Theonest, aliyekuwa amesimama na kasia begani, alilitupa chini.

Sitaki kusimulia yote, nachoka tena. Shangazi alikuwa ameamka gizani akapika, kwa siri, nyumbani kwa Martina. Sato wa kuchoma. Ugali wa muhogo na mtama. Mlenda. Kuku, na firigisi akapewa Valerian kwa kuwa ni mwanamume na mgeni, Theonest akaisindikiza kwa macho mpaka ilipopotelea mdomoni. Halafu Martina akatokea na maziwa.

"Nilisema kimoja tu," akaninong'oneza akiwa amebeba kibuyu kizima.

"Mama, na lile jiwe?" Aneth akauliza tena.

"Kula, mwanangu. Umekonda."

"Ni pale pale tu nyuma?"

"Kula kwanza."

Valerian, huyo hakuuliza kitu. Alikuwa amekunja mikono ya shati, anakula kama mtu aliyepotea porini akaonekana. Alisifu samaki. Alisifu mlenda. Aliuliza muhogo unachanganywaje na mtama, na shangazi akamweleza kila hatua. Kwa ugali alikuwa na maneno! Furukombe wakaruka wakaenda zao. Migomba ikaanza kutikisika, na nilipochungulia, ziwa lilikuwa limeshaota meno meupe. Theonest akapita mbele yetu amebeba kasia anarudi kwake, hakuaga mtu.

Dereva akapiga honi.

Ningetamani iishie hapo, lakini mgeni haachwi mlangoni, anasindikizwa. Sasa utasindikizaje watu wenye gari? Shangazi alishika ukingo wa dirisha la Aneth akaanza kutembea. Dereva angefanyaje, amburute mama wa watu? Likaenda kwa mwendo wa kobe gari zima, shangazi pembeni na mfuko wa matobolwa, Martina upande wa pili na kibuyu, mpaka barabarani, wale wa bodaboda wamepanga mstari wanapiga makofi.

"Kivutio kinatembea!" mmoja akapayuka.

Niliingia ndani nikajifunika shuka.

Siku zilizofuata shangazi alianza kufunga vyombo. Nilimwambia, nikiwa nimekasirika kweli, "Shangazi, ulikuwa na neno moja tu la kusema. Twendeni. Neno moja!" Akasema, "Nipe hiyo kamba." Akafunga sufuria.

Halafu Valerian akapiga simu. Shangazi aliweka sauti kubwa, tukasikia wote, Theonest pia, aliyekuwa amekuja kusaidia kubeba na kununa.

"Mama Nkwabi, hongera! Tumechagua kwako."

Martina akapiga kigelegele. Theonest akakaa chini juu ya gunia.

"Kwa chakula cha mchana," Valerian akaendelea. "Wageni wote wanaokwenda kisiwani watakula kwako. Ule ugali, mama, hata sasa nauota. Mawe na mtumbwi tutawapeleka kule mbele, kule wana viti."

Kigelegele kikakatika. Shangazi alikuwa ameishika simu mbali na uso kama kitu kilichooza.

"Chakula," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nimekimbia mwiko Kharumwa, wewe umenifuata nao mpaka ziwani?"

Akakata simu.

Nyumba nzima ilimrukia. Theonest alisema, "Shemeji, wewe umechimba, umepata dhahabu, unaikataa kwa sababu ni ya njano!" Martina alisema kama hataki, yeye anataka. Baba yangu alipigiwa huko Ibadakuli, kwenye uwanja wa ndege wa Shinyanga, akapiga kelele kwenye simu huku ndege inatua karibu yake, hatukusikia neno ila hasira tulizielewa. Mimi nilimwambia kwamba akikataa atarudi kupika Kharumwa, na akikubali atapika Nyabugera, basi tofauti ni nini, si afadhali huku kwenye upepo? Nilidhani hoja yangu ni nzuri sana.

"Tofauti ni kwamba kule niliondoka," akasema.

Akakaa nje mpaka ugali wa jioni ulipoiva, ambao tulipika sisi, na ulikuwa mbichi katikati. Aliula bila kulalamika. Kisha akachukua simu akampigia Valerian mwenyewe.

"Nimekubali. Lakini hapa hakuna kula mpaka mtu amepanda jiwe."

"Mama, watakuwa wamechoka, wametoka mbali."

"Mtu aliyechoka ndiyo anakula vizuri."

"Wengine ni wazee."

"Wazee wa hapa wanapanda kuanika dagaa. Na ninayewapandisha ni mimi, si mtu wa viti. Anayepika ni Martina."

Martina alishtuka, halafu akajitengeneza kanga.

"Na wakigoma?" Valerian akauliza.

"Watakula matobolwa barabarani."

Alicheka, yule kaka. Akasema watajaribu kwa kundi moja.

Kundi hilo lilikuwa la wastaafu kutoka Dodoma, watu kumi na kitu, wenye miavuli na njaa. Harufu ya samaki wa Martina iliwapokea tangu kwenye gari. Mzee mmoja mwenye fimbo akaelekea moja kwa moja kwenye mkeka kama ng'ombe anayejua zizi lake. Shangazi akamkinga njia.

"Jiwe kwanza, baba."

"Mama, mimi nina vidonda vya tumbo."

"Ni hapo tu. Nitakushika mkono."

"Huu ni utalii au ni jeshi?" mama mmoja akauliza, wengine wakacheka kwa hasira.

Nilipanda nyuma yao nikisali. Tukafika juu. Upepo ulikuwa unapeperusha miavuli, ziwa limetanda mpaka pale ambapo huwezi kusema ni maji au ni mbingu, na watu wote wakamgeukia shangazi, wakasubiri. Akasimama pale na kitenge chake kipya. Alitazama maji, akatazama miguu yake. Aliyekuwa na maneno ya kujaza sufuria sita za ugali, alipofika kwenye jiwe lake mwenyewe alikauka. Mzee wa fimbo akakohoa. Nilitamani kiboko mmoja akorome angalau. Hakukoroma.

Shangazi akainama, akaokota jiwe dogo, akaligonga lile bapa. Likalia. Mlio ukapita juu ya maji ukaenda, na kule mafunjoni ndege wakaruka wote kwa pamoja.

"Ndiyo hilo," akasema.

Mzee akamwomba kile kijiwe. Akagonga. Akagonga tena kwa upande mwingine, likatoa sauti nyingine, akageuka kama amepigwa na umeme. "Kuna nyingine huku!" Basi wakagombania, wastaafu wazima, kila mmoja anatafuta pake. Wakamuuliza shangazi nani alianza kuligonga, na kwa nini, akasema hajui, yeye ni Msukuma wa kuolewa, ataulizia. Mama wa "utalii au jeshi" akamwambia, "Ukishajua tupigie." Alikuwa hatanii, alimwandikia namba.

Waliposhuka walikula sufuria zikabaki zinang'aa. Valerian akaleta kundi jingine, na jingine.

Sasa niko kidato cha tano, na nilipokwenda Desemba iliyopita nimekuta mambo yamekuwa mabaya kuliko mwanzo, kwa upande wa pili. Shangazi aliulizia kweli. Aliwauliza mabibi wote wa Kizinza wa Nyabugera, alimuuliza Theonest mpaka akamkimbia. Siku hizi wageni wakipanda jiwe hawashuki. Anawaeleza nani alilipiga vita ilipokuja au mtu alipopotelea ziwani, ndege aitwaye fundichuma anajenga kiota wapi, fisi maji ana watoto wangapi. Anavaa kofia. Martina anasimama chini na mwiko anapayuka:

"Mama Nkwabi! Ugali umekuwa jiwe la pili huku! Watu waje wale!"

"Waache waone, Martina!"

Gari linapiga honi. Theonest amelowana akiwasubiri. Niliwahesabu wageni waliokuwa wamekaa chini kwa njaa, nikachoka, nikamfuata shangazi alipokuwa amesimama pembeni kunywa maji. Nikamwambia kwamba miaka ile aliwalisha watu mpaka wakakosa ziwa, sasa anawaonyesha ziwa mpaka wanakosa chakula, na nikamuuliza upya lile swali, kwa sababu sikuwahi kujibiwa: kwa nini miaka ile yote hakumuuliza hata mgeni mmoja amefuata nini?

Akafuta mdomo kwa upindo wa kitenge.

"Ningewauliza wangenijibu, ng'wanawane. Wangesema wamekuja kuona kitu. Mimi hicho kitu sikuwa nacho. Ugali nilikuwa nao."